Honi ya Bi Mkubwa na Koo la Almasi

Mwezi mmoja kabla sijastaafu, Masanja, kijana wetu wa gitaa la rithimu, alichukua kile kidude chake chenye taa cha kupimia sauti za nyuzi, akakibana kwenye kichwa cha besi yangu kama bwana mifugo anayempima ng'ombe homa. Taa ikawaka nyekundu. "Shikamoo tena, Mzee Maganga," akasema, "lakini besi yako iko chini kama maji ya kisima cha kiangazi." Vijana wote wa Mninga Jazz wakaangua kicheko. Nami nikacheka, nikaipandisha ili nisiwaharibie mazoezi. Nilipofika nyumbani nikairudisha palepale ilipokuwa. Besi ile haikushuka yenyewe, wanangu. Ilishushwa kwa heshima zote, na kazi hiyo ilichukua miaka mingi.

Basi ninawaandikia nyinyi mliobaki jukwaani, mjue. Habari za kupanda cheo sitazigusa, maana kwenye bendi yetu kupanda cheo kulikuwa ni kutoka juu ya mizigo ya lori na kwenda kukaa mbele na dereva. Mishahara pia nitaipita kimyakimya, kama yenyewe ilivyokuwa ikitupita. Nitasema habari za kazi.

Niliingia Mninga Jazz wakati bendera yetu mpya ilikuwa bado haijapauka kwa jua. Asubuhi nilikuwa nabeba madebe ya asali kwenye ghala, jioni nasoma shule ya watu wazima pale Kanyenye, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Kati ya asali na shule kulikuwa na nafasi ya alasiri, na alasiri hiyo ukumbi wa klabu ulikuwa ukitoa sauti za magitaa. Nilikuwa nachungulia dirishani mpaka dirisha likachoka nami. Siku moja mpiga besi wao akahamia Mwanza kwa shemeji yake, nikaitwa ndani.

Kiongozi wetu na mpiga solo alikuwa Nkwabi, mtu mwembamba mwenye masikio makubwa ambayo, naapa, yalikuwa yakigeuka yenyewe kama ya punda. Nilimwamkia.

"Shikamoo, kiongozi."

"Marahaba. Besi ni nini?"

"Ni gitaa la nyuzi nne."

"Besi ni mlango wa nyumba. Mgeni hasifu mlango, anasifu kochi. Lakini ukikosekana mlango, fisi anaingia mpaka kwenye kochi. Wiki hii usipige kitu. Shika tu, usikilize."

Nilishika tu wiki nzima, hata kwenye dansi la Jumamosi. Watu wawili walinifuata wakaniambia nimeendelea sana.

Besi yenyewe ilichongwa na fundi makabati kwa mti wa mninga, na ndiyo asili ya jina la bendi. Ilikuwa nzito kiasi kwamba nilipoivaa nilitembea kama wale wapagazi wa zamani waliotoka hapa Unyanyembe na jino la ndovu begani mpaka pwani. Tofauti yangu na wao ni kwamba wao walikuwa wakifika. Nyuzi zake mbili nene zilikuwa waya za breki za baiskeli. Dansi likikolea, nilikuwa natoa cheche.

Lakini bendi haikuwa besi, wala haikuwa solo ya Nkwabi. Bendi ilikuwa Almasi. Mchana Almasi alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Bwana Gulam, Mhindi aliyekuwa akituuzia nyuzi za magitaa pamoja na vitambaa, misumari na dawa ya minyoo. Jioni alivaa koti jeupe alilojishonea mwenyewe, akashika maiki. Wimbo wake mkubwa uliitwa "Asali ya Sikonge". Mwisho wa kila ubeti kulikuwa na mahali pa juu, neno lenyewe "Sikongeee", na Almasi alipanda pale kama mtu anayepanda ngazi ya nyumbani kwake, bila kuangalia miguu. Watu wakifika dansini walikuwa hawaulizi bendi inaanza saa ngapi. Walikuwa wanauliza, "Sikonge bado?" Nimeona wanaume wazima wakirusha kofia juu na kuondoka na kofia za wenzao.

Sasa niwaeleze tulivyokuwa tukityuni, yaani kulinganisha sauti za magitaa, maana ndipo mambo yote yalipoanzia. Zamani tulikuwa na mpiga saksafoni, naye akipuliza sauti moja, sisi wa magitaa tunaifuata. Alipopata uhamisho wa kazi yake ya mchana akaondoka na saksafoni yake, tukabaki yatima. Kila siku magitaa yakawa mahali pengine: leo juu, kesho chini, Almasi anahangaika kuwinda wimbo wake kama kuku aliyetoroka sokoni. Nkwabi akafikiri, masikio yake yakageuka, akasema, "Bi Mkubwa."

Bi Mkubwa lilikuwa jina letu la ile injini ndogo ya mvuke iliyokuwa ikipanga mabehewa pale stesheni. Kila alasiri, kabla ya kuvuta mabehewa ya Mwanza, alikuwa anapiga honi moja ndefu, nzito, ya kifua, kama bibi mnene anayeita wajukuu wote kwa mara moja. Ukumbi wetu ulikuwa umeipa reli mgongo, honi inaingia kupitia madirisha ya nyuma. Basi ikawa ndiyo sheria. Ukikaribia wakati, kila mpiga gitaa anakaa kwenye kiti, kidole kwenye uzi. Hakuna kukohoa. Hata mama aliyekuwa akikaanga vitumbua mlangoni alikuwa anaondoa karai motoni, maana mafuta yana kelele. Honi ikilia, Nkwabi anapiga kelele, "Kamata!" nasi sote tunagonga uzi mmoja na kuukaza au kuulegeza mpaka umfikie Bi Mkubwa kabla hajanyamaza. Mgeni akituona alikuwa anafikiri ni ibada.

Tulikaa hivyo miaka. Ikawa hata niko sokoni nanunua mchicha, honi ikilia, kidole changu kinapiga uzi hewani. Kumbukeni jambo hilo, litatusaidia mbele.

Kisha ikaja miaka ya vijiji vya Ujamaa, nasi tukatakiwa twende kuwachangamsha wananchi waliokuwa wanahamia makao mapya. Tulizunguka na lori misimu miwili, porini kwenye miyombo, tukila vumbi jekundu mpaka nikawa napiga chafya ya matofali. Kwenye vizuizi vya mbung'o tulikuwa tunashushwa wote, na askari mwenye kipampu ananyunyizia dawa kila kitu, kuanzia mabegi mpaka tumba. Kizuizi kimoja kule Ulyankulu bwana mmoja aliingiza kichwa ndani ya amplifaya kutafuta mbung'o. Alimpata. Tangu hapo amplifaya ile ilianza kulia vizuri zaidi, nami sijui tulikuwa tumeishi na yule mbung'o muda gani.

Tuliporudi Tabora nyuzi zote zilikuwa zimekufa kwa kutu. Tukang'oa zote, tukafunga mpya kutoka kwa Bwana Gulam. Mungu ametupa masikio, lakini masikio yanahitaji kitu cha kukumbukia, na sisi siku ile tulikuwa na magitaa yasiyokumbuka chochote. Tukakaa kwenye viti, tukasubiri. Honi ikalia.

Ikalia kwa sauti nyembamba, kali, kama ya kijana aliyevaa shati jipya.

"Huyo si Bi Mkubwa," nikasema.

"Wamemwondoa," akajibu Kulwa, aliyekuwa wakati huo mpiga rithimu wetu, yeye na pacha wake Doto walikuwa ndio wadogo wa bendi. "Wameleta injini ya dizeli. Nimeiona, haina hata moshi."

Tukamgeukia Nkwabi. Nkwabi akatoa hukumu ambayo nimeikumbuka maisha yangu yote: "Injini zinaweza kubadilishwa. Lakini reli ni ya serikali, na honi ni ya reli. Serikali haiwezi kuwa na sauti mbili. Kamata!"

Tukakamata. Tukakaza, tukakaza tena. Hakuna aliyebisha, kwa siasa za wakati ule hoja ilikuwa haina mahali pa kuingizia kisu.

Wiki ya kwanza nyuzi zilianza kukatika. Ile nyembamba ya Nkwabi ilikatika katikati ya solo na kumchapa sikio, na lile sikio lilikuwa kubwa, halikukosewa. Tukaandamana mpaka dukani.

"Bwana Gulam, unatuuzia nyuzi za kufungia mishumaa."

"Nyuzi ileile, ndugu yangu! Boksi ileile! Baba yako angekuwa mpiga gitaa ningemuuzia hii hii."

"Mbona zinakatika?"

"Nyinyi nakaza kama nataka kunyonga mtu!"

Alikuwa amesema kweli tupu, nasi tukamcheka, tukadai punguzo.

Jambo la ajabu ni kwamba watu walitusifu. Walisema tumerudi kutoka vijijini tumechangamka, magitaa yanang'aa, Mninga Jazz imekuwa changa. Sote tulipendeza isipokuwa mmoja. Jumapili ya kwanza, kwenye bugi, lile dansi letu la mchana, Almasi alipanda kwenda "Sikongeee" na sauti yake ikapasuka kama ngoma iliyosahauliwa juani. Watu wakadhani amekula pilipili. Jumapili ya pili ikapasuka tena. Jumapili ya tatu hakupanda kabisa. Alielekeza maiki kwa watu waimbe wao, akijifanya ni ukarimu.

Tulimtibu kwa nguvu zote za mkoa huu. Tulimpa tangawizi, mayai mabichi, maji ya chumvi. Asali yenyewe alikunywa kiasi kwamba nyuki walikuwa wanamfuata barabarani kumdai. Hakuna kilichosaidia. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, na akaanza kuzungumza kama mtu anayegawa urithi.

Siku moja nilipita barazani kwa Bwana Gulam nikamkuta anashona suruali ya mtu, mguu unakanyaga cherehani, na mdomo unaimba. Nikasimama nyuma ya nguzo. Alipanda mpaka "Sikongeee", akakaa huko juu, akateremka taratibu, hakuna hata mkwaruzo.

"Kaka Almasi! Mbona hapa inatoka?"

Akashtuka, akajichoma sindano. "Hapa naimba na cherehani, Maganga. Cherehani hainitazami."

"Kwa hiyo ni woga?"

"Miaka yote hii niogope leo? Nimekwisha tu. Koo limebakiza nguvu za kuchezea, za kazi zimeisha."

Mkewe, Mama Zuhura, aliyekuwa amemletea chakula, akaniwakia kama mimi ndiye niliyemroga. "Nyinyi mna nini huko kwenu? Huyu nyumbani anaimba mpaka kuku wanasahau kutaga. Mkimchukua tu huko klabu, ananirudia amekauka. Jichunguzeni, shemeji!"

Tungemsikiliza Mama Zuhura, hadithi ingeishia hapo kwa sahani ya wali. Lakini sisi tulikuwa wanamuziki. Tulijichunguza na kujikuta tuko sawa.

Kamati ya klabu haikuwa na subira. Tulikuwa tumealikwa Kaliua kucheza bugi kwa wakulima wa tumbaku waliomaliza kuuza, mwaliko mkubwa ambao bendi nyingine zilikuwa zinautolea macho. Mwenyekiti wa kamati akaja mazoezini akasema waziwazi, mbele ya watu wote: Almasi aimbe "Asali ya Sikonge" Kaliua. Ikipasuka tena, maiki inachukuliwa na Doto, na Almasi atapewa manyanga. Manyanga ni yale mabuyu ya kutikisa. Hakuna ubaya kutikisa manyanga, lakini kumwambia Almasi atikise manyanga ilikuwa kama kumwambia imamu akae mlangoni kulinda viatu.

Doto mwenyewe alipauka. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, na kila alichokijua cha kuimba alikuwa amefundishwa na Almasi. "Mwalimu, mimi sitaki," akasema.

"Hukuulizwa," akajibu Almasi. "Njoo kesho barazani nikupime."

Tukaenda Kaliua kwa treni, asubuhi, na magitaa yetu tukiwa tumeyatyuni jana yake kwa ile honi nyembamba. Almasi alikaa dirishani, fuko la nguo magotini, hakuwatania hata wauza mihogo wa stesheni aliowazoea.

Tulipewa ghala la tumbaku karibu na stesheni. Tukapanga spika, tukafunga jenereta, watu wakaanza kujaa na mavazi yao mapya, wengine bado yana mikunjo ya duka. Hapo ndipo Almasi alipofungua fuko. Akatoa lile koti jeupe, akamwita Doto, akamvalisha. Likamkaa kama limezaliwa naye. Almasi alikuwa amelibana mwenyewe usiku uliopita: kiuno, mabega, mikono, mishono yote imefanywa upya kwa vipimo vya Doto.

"Kaka, bado hujaimba," nikamwambia.

"Nitaimba, kamati isinisengenye. Nitapasuka, nitampa maiki, watu watamkuta tayari amevaa. Sitaki mtoto aanze kazi na koti linalomning'inia." Akachukua manyanga kwenye kikapu, akayajaribu sikioni, moja moja, kama mtu anayechagua mayai. "Hili lina mbegu chache," akasema.

Nikavaa besi yangu, Kulwa akavaa rithimu, Nkwabi akainua mkono kutuanzishia.

Ndipo, kutoka upande wa njia ya Mpanda, ikalia honi.

Ilikuwa moja, ndefu, nzito, ya kifua. Na vidole vyetu, bila kutuuliza, vikafanya kazi viliyozoezwa miaka yote ile: sote watatu, Nkwabi, Kulwa na mimi, tukagonga ule uzi mmoja kwa pamoja. Spika zikatoa sauti ya magitaa, madirisha yakaingiza sauti ya honi, na sauti hizo mbili zikagombana ndani ya ghala lile kama paka wawili kwenye gunia. Wakulima wakaziba masikio. Mtoto akalia. Nkwabi akabaki mdomo wazi, na masikio yake, hii siongezi chumvi, yakalala nyuma.

"Ni Bi Mkubwa," nikasema.

"Ni yeye. Wamemhamishia huku, njia ya Mpanda." Akagonga uzi tena, taratibu. Honi bado inalia, chini kabisa. Gitaa liko kule juu peke yake, kama mtu aliyepanda mti na kuondolewa ngazi. "Maganga. Magitaa yetu yako wapi?"

"Yako angani, kiongozi."

"Tangu lini?"

Sote tulikuwa tumekwishageuka kumwangalia Almasi, aliyekuwa amesimama na buyu kila mkono. Alikuwa mtu wa mwisho kuelewa. Tukamwona anaelewa. Ilianzia kwenye macho, ikashuka mpaka kwenye mabuyu, yakaanza kutikisika yenyewe.

"Kwa hiyo mimi sikuwa chini," akasema polepole. "Nyinyi ndio mlikuwa juu."

"Kaka, usitupige sasa hivi," akasema Kulwa. "Kuna watu."

Nkwabi alikuwa amekwishatoka mbio na solo yake mgongoni. Honi ilikuwa imenyamaza, nasi tulihitaji nyingine ndefu ili tushushe nyuzi zote. Tukamfuata, bendi nzima, mpaka kwenye reli, pale Bi Mkubwa alipokuwa anahema na kutoa mvuke. Dereva alikuwa ameegemea dirisha lake anakunywa chai.

"Bwana dereva, tunaomba honi," akasema Nkwabi, pumzi juu.

"Honi haiombwi kama ugoro. Nyinyi ni akina nani?"

"Mninga Jazz ya Tabora."

"Wanyamwezi?"

"Wanyamwezi."

Dereva akaweka kikombe, uso ukamchanua. "Lahaula! Wapagazi wangu! Mimi Mgogo wa Kilimatinde. Babu zenu walipita kwetu na mizigo kichwani, wakatoa hongo hata ya kunywa maji. Leo wajukuu mnataka sauti ya bure?"

Sisi na Wagogo ni watani tangu njia ile ya misafara, na mtani haombwi kwa upole, ataona unaumwa. Nkwabi akabadilisha sauti palepale. "Hongo mliila, ikaisha, mkarudi kwenye njaa yenu! Vuta kamba hiyo kabla hatujakutwisha jenereta mpaka Dodoma!"

"Nivute? Semeni kwanza, wote, kwa sauti: Mgogo ndiye bwana wetu."

Tukatazamana. Kule ghalani watu wameanza kupiga makofi ya hasira. Nkwabi alikuwa mtu wa kiburi, angeweza kufia palepale relini. Aliyejitokeza mbele ni Almasi, buyu kila mkono, akapaza lile koo walilosema limekwisha:

"Mgogo ndiye bwana wetu!"

"Mpaka siku tutakapokuja kukuzika," akamalizia Nkwabi, "tukugombanie shuka lako!"

Dereva alicheka mpaka chai ikamwagika, akaikamata kamba kwa mikono miwili, akavuta. Jamani, alivuta! Msimamizi wa stesheni alitoka ofisini akikimbia, akiuliza ni nani amekanyagwa. Sisi tulikuwa tumepiga magoti kwenye kokoto, masikio yameinama, tunalegeza nyuzi, tunalegeza, mpaka tukamkuta bibi yetu pale tulipomwacha.

Tukarudi ghalani. Doto akavua koti bila kuambiwa.

"Vaa, mwalimu."

"Limebanwa hili, haliniingii."

"Vaa hivyohivyo."

Almasi akavaa. Halikufunga vifungo, mikono iliishia kwenye viwiko, alifanana na mtu aliyeazimwa nguo na mdogo wake. Tukapiga "Asali ya Sikonge". Ubeti wa kwanza alikwenda kwa hadhari, kama mtu anayeingia kwenye nyumba aliyowahi kufukuzwa. Akakaribia pale juu. Nilimwona amefumba macho. Nikaikanyaga besi chini yake nzito kadiri nilivyoweza, awe na kitu cha kusimamia, naye akapanda: "Sikongeee!" Ikatoka nzima, pana, tamu, ikapita kwenye bati la ghala, nadhani waliisikia Urambo. Akavuta kifua apande ya pili, na mshono wa mgongoni ukaachia kuanzia kola mpaka kiunoni, prrrr! Liligawanyika koti, sauti haikugawanyika. Kofia zikaruka. Mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa amekuja kusimamia makabidhiano, alirusha yake, na mpaka leo hajaipata.

Tuliporudi Tabora tukabaki na swali: Bi Mkubwa yuko Kaliua, sisi tutatyuni kwa nini? Kulwa akataja kinanda cha Mapadri kule Kipalapala. Nkwabi akakataa. "Kinanda kitahamishwa, injini itahamishwa, sisi tutabaki tunakimbizana na vyombo vya watu. Nataka kitu ambacho kikihama, bendi nzima inahama." Akamgeukia Almasi. "Imba pale juu. Ukifika mahali pa raha, simama hapo."

Almasi akakohoa, akaimba, akasimama. Nkwabi akapiga kelele, "Kamata!" Tangu siku hiyo Mninga Jazz ikawa inatyuni kwa koo la mtu. Mama Zuhura alipopata habari alisema tu, "Si niliwaambia," na akaendelea kulisema hilo kwa miaka iliyobaki, kila aliponiona, hata msibani.

Miaka ikaenda. Almasi akaota mvi, na mahali pake pa raha pakawa panashuka kidogo, unywele kwa unywele. Akikohoa na kuimba, sisi tunafuata. Mara moja mgeni kutoka bendi ya Dar es Salaam alishangaa mbona tuko chini namna ile, Nkwabi akamjibu, "Joto la Tabora linalegeza nyuzi." Ilikuwa mwezi wa saba, tumevaa masweta. Baadaye Nkwabi akafariki, Doto akawa kiongozi, Almasi akapumzika, nanyi mkaja na vidude vyenu vya taa.

Jumapili iliyopita mlinifanyia bugi ya kuniaga. Kijana mpya alipiga besi nyimbo zote; mimi nilikaa pembeni nikila pilau, nikisubiri wimbo wangu mmoja wa mwisho, na besi ya mninga magotini kama nilivyotoka nayo nyumbani. Almasi akashuka kwenye bajaji, fimbo mkononi, akapandishwa jukwaani, akapewa maiki. Nikajitwika besi. Masanja akaangalia kidude chake, taa ya kijani, akatikisa kichwa kwamba tuko tayari.

Almasi akakohoa.

Doto, mvi zimemjaa kichwa kizima, akainua mkono. "Masanja, toa hicho kidude. Shusheni wote."

"Mpaka wapi, kiongozi?"

"Subiri. Utaambiwa."

Almasi akaimba sauti yake moja, nyembamba kidogo, ya chini, akasimama mahali pake pa raha. "Kamata!" akasema Doto, na vijana wote mkainama mnahangaika na nyuzi, mnalegeza, mnasikiliza, mnalegeza tena.

Mimi nilikuwa nimesimama tu, mikono imetulia. Besi yangu ilikuwa inamsubiri palepale.